Mgongo wa simu umeinuka, na mwanangu anasema nisubiri

Swali: Fundi, habari za kazi. Mimi nanunua na kuuza alizeti hapa Kibaigwa. Simu yangu ya kupangusa niliinunua 2019. Siku hizi inaganda hadi mteja anakata mwenyewe. Chaji haifiki saa nane mchana, na mgongo umeinuka upande mmoja, naubana kwa mpira wa kufungia fedha. Nimetenga laki nne na nusu ninunue nyingine. Mwanangu anayesoma UDOM anasema nisinunue sasa, nisubiri, zinakuja za kukunja na za akili mnemba. Mdogo wake anasema simu zimeshafika mwisho, hakuna jipya, ninunue yoyote. Wanabishana hata simu janja ya kwanza ni ipi, mmoja anasema iPhone, mwingine Nokia. Nisubiri au ninunue? Na hizi simu zinaelekea wapi?

Jibu:

Shikamoo mama.

Ubishi wa watoto nitaufikia, lakini kwanza huo mpira wa kufungia fedha. Utoe sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Mgongo wa simu yako hauinuki kwa sababu gundi imechoka. Unainuliwa na betri iliyovimba. Ndani ya betri ya lithiamu kuna tabaka nyembamba za shaba na aluminiamu zilizoviringishwa kama chapati ya kusukuma, na katikati yake kuna kimiminika. Betri ikizeeka, ikipikwa na jua au ikilishwa na chaja ya ovyo, kimiminika kile huanza kuvunjika na kutoa gesi. Mfuko umefungwa pande zote, gesi haina pa kutokea, basi unatuna na kusukuma mgongo na kioo. Ukiubana kwa mpira unazikandamiza zile tabaka kuelekea kugusana, na zikigusana ndipo moto unapoanzia.

Niliwahi kuletewa hapa mezani kwangu Majengo, Dodoma, simu ambayo kijana mmoja aliitoboa betri kwa sindano ili "aitoe upepo". Kilichonifikia ni nusu ya simu.

Kwa hiyo usiichaji tena. Kwa chaji iliyobaki, hakikisha majina yako yamehifadhiwa kwenye akaunti ya Google na si kwenye simu yenyewe, hifadhi nakala ya mazungumzo ya WhatsApp, halafu izime. Toa laini uitie kwenye kiswaswadu, ile simu ndogo ya vitufe. Najua kipo, hakuna nyumba ya mfanyabiashara isiyo na kiswaswadu kwenye droo. Kama uko Vodacom bonyeza *150*00#, fedha zako utazikuta palepale, na wateja watakupata hadi tumalize hili la simu mpya.

Sasa watoto. Wote wawili wamekosa. Simu ya kwanza kuuzwa ikiwa na kioo cha kugusa, kalenda na barua pepe ndani yake ilikuwa IBM Simon, iliyoingia madukani Marekani Agosti 1994. Ilikuwa na uzito wa nusu kilo, bei yake bila mkataba ni dola 1,099, na betri ilidumu kama saa moja ya kuongea. Ziliuzwa kama 50,000, na mwaka uliofuata ikaondolewa sokoni. Nokia ilifuata 1996 na Communicator 9000 yake, inayofunguka kama kasha la miwani. Mwaka huohuo wa 1994 ndipo Mobitel ilipoanza kazi hapa nchini, ile tuliyokuja kuiita Buzz, kisha Tigo, na leo Yas. Nayataja hayo ili mwanao ajue kwamba wazo la simu janja na mnara wa kwanza wa simu za mkononi Tanzania ni rika moja. Kilichochelewa ni vitu vingine vyote vya kuliwezesha wazo hilo: betri, chipu ndogo, intaneti ya kasi na bei.

iPhone ilitangazwa Januari 9, 2007 na kuanza kuuzwa Juni 29. Ukiiona leo utacheka. Kioo inchi 3.5, kamera megapikseli 2, haina 3G, haina duka la programu. Ilichokuja nacho ni kidole. Vioo vya zamani vilitaka kubonyezwa, tena kwa kijiti, kwa sababu ndani mlikuwa na tabaka mbili zinazokutana ukikandamiza. Kioo cha iPhone chenyewe kina umeme mdogo sana, na kidole, kwa kuwa kinapitisha umeme, kikikigusa kinauvuruga na simu inajua kiko wapi, ndiyo maana unapangusa tu, na ndiyo maana ukivaa glavu hakikusikii na mvua ikidondokea juu yake simu inajibonyeza yenyewe. Julai 2008 Apple wakafungua duka la programu likiwa na programu 500. Oktoba mwaka huo ikatoka HTC Dream, simu ya kwanza ya Android, mfumo ambao Google waliununua 2005 pamoja na kampuni changa iliyokuwa ikiutengeneza. Google wakauachia mfumo huo utumiwe na kiwanda chochote. Uamuzi huo ndio uliokufikishia simu yako Kibaigwa, kuliko uamuzi wowote wa Apple.

Kwetu mambo yalipita njia nyingine, na hapa nawaomba wanao wasikilize, maana vijana wa vyuo hudhani teknolojia huanza siku ilipoletwa kwao. Simu iliyoibadilisha Dodoma haikuwa janja. Ilikuwa Nokia 1100 ya 2003, yenye tochi kichwani, iliyouzwa duniani zaidi ya milioni 250. Kisha Aprili 2008 M-Pesa ikaingia Tanzania, na fedha zikaanza kutembea kwenye kitochi hichohicho. Ule mtindo wa nyota na reli hauhitaji intaneti wala programu. Ujumbe unapita kwenye njia ileile ambayo mnara na simu huitumia kusalimiana. Benki ilikuwa mkononi mwa mkulima wa Bahi miaka mingi kabla hajamiliki kioo cha kupangusa. Ndiyo maana huwa nashangaa nikisikia mtu akisema Afrika "ilichelewa" simu. Tulichelewa kioo. Kazi tulishaanza kuifanya.

Kilichovileta vioo ni bahari. Julai 2009 mkongo wa SEACOM, waya wa intaneti unaopita chini ya bahari, ulitua Dar es Salaam. Kabla ya hapo intaneti yetu ilitegemea setilaiti, ya kusuasua na ghali. Mkongo wa Taifa ukaivuta intaneti hiyo hadi bara, Dodoma ikiwemo. Na wakati huo Transsion ya Shenzhen, wenye Tecno, Itel na Infinix, walikuwa wameshaamua tangu 2008 kuelekeza nguvu zao Afrika. Waliona tunatembea na simu mbili kwa sababu ya laini mbili, wakatuuzia moja yenye nafasi mbili. Waliona kamera zinaharibu nyuso zetu, wakazirekebisha zisome ngozi nyeusi. Hayo hayakuhitaji uvumbuzi mkubwa wa maabara. Yalihitaji mtu aliyekaa kwenye kibanda akatazama watu wanavyotumia simu.

Halafu feki. Usiku wa Juni 16, 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, walizima simu bandia nchi nzima, na asubuhi yake foleni kwenye meza yangu ilianza kabla sijafungua. Siku ile watu wengi walijifunza kwa mara ya kwanza kwamba simu ina namba ya utambulisho. Nitairudia namba hiyo, utaihitaji.

Je, simu zimefika mwisho? Mdogo ana nusu ya ukweli. Mwili wa simu umefika mwisho. Chukua simu ya 2017 na ya mwaka huu, funika nembo, ziweke kifudifudi mezani, na mafundi wenyewe tutapata shida kuzitenganisha. Ubao wa kioo, kamera mgongoni, kitufe ubavuni. Hata kamera, ambayo winga wa dukani, yule anayevuta wateja, atakuimbia megapikseli 50 na 108, siku hizi haipati ubora wake kutoka kwenye namba hizo. Nokia walitoa simu ya megapikseli 41 mwaka 2012, na haikuwaokoa. Picha nzuri ya leo inapikwa na chipu. Unabonyeza mara moja, simu inapiga picha kadhaa kwa kufuatana, inazilinganisha na kuziunganisha, inang'arisha giza, inatuliza mkono uliotetemeka, kisha inakupa moja. Katika simu za bei ya chini mara nyingi lile jicho la pili na la tatu mgongoni ni pambo. Namba ya megapikseli isikutoe hata elfu kumi ya ziada.

Nusu ya pili ya ukweli iko ndani, na huko ndiko simu zinakoelekea. Njia rahisi ya kuliona hilo ni kutazama kilichoiua simu yako.

Umesema inaganda. Simu za bei ya chini za 2019 zilikuja na memori ya ndani ya GB 16 au 32 na RAM ya GB 1 au 2. Memori ya ndani ni ghala lako, RAM ni ile sakafu ya mbele penye mizani, ambapo kazi inafanyika. Wewe unajua ghala likijaa mpaka mlangoni linavyokuwa: ili uingize gunia moja lazima uhamishe kumi. Memori ya simu iko hivyohivyo. Haiwezi kuandika juu ya kilichopo, lazima kwanza ifute fungu zima, na isipokuwa na nafasi tupu inahangaika kuhamisha vitu huku na kule. Picha za WhatsApp za makundi ya kanisani, ya kikoba na ya harusi zimekujazia ghala. Wakati huohuo programu zenyewe zimenenepa kila mwaka, kwa sababu wanaozitengeneza wanatumia simu kubwa kuliko yako. Sakafu ya mizani haitoshi. Mteja akipiga, simu inafukuza kitu kimoja ili kitufe cha kupokea kitokee, na ndiyo maana anakata kabla hujapokea.

Lakini ungeweza kufuta picha zote na bado usipone, kwa sababu ya jambo ambalo halionekani dukani kabisa: masasisho, yale marekebisho ambayo simu hutumiwa kupitia intaneti baada ya kuuzwa. Simu ya 2019 ya aina hiyo nyingi zilikuja na Android 9, na Google waliacha kuitengenezea marekebisho ya usalama tangu 2022. Tundu likigunduliwa leo, kwako halitazibwa. Programu za benki na za miamala huanza kuikataa moja moja. WhatsApp walishaziacha zote za Android 4, na zamu ya nyingine itafika. Simu nyingi zinazoletwa kwangu zikiitwa mbovu hazijaharibika kitu. Aliyeziuza ameacha kuzihudumia.

Hapa ndipo pamebadilika kweli miaka hii mitatu, na sijasikia winga hata mmoja akilitangaza. Oktoba 2023 Google waliahidi masasisho ya miaka 7 kwa Pixel 8. Januari 2024 Samsung wakaahidi 7 kwa Galaxy S24. Hizo ni simu za wakubwa, hazituhusu. Kilichonifanya nikae vizuri kwenye kiti ni mwisho wa 2024, Samsung walipotoa Galaxy A16, simu ya kawaida kabisa, na kuipa ahadi ya miaka 6. Sijalipwa kuitaja. Nataka tu ujue kwamba kitu kilichokuwa cha matajiri kimeshuka hadi kwenye bei ambayo mtu wa alizeti akivuna vizuri anaifikia.

Ulaya nao wameingiza mkono. Tangu Juni 2025 simu inayouzwa kule lazima iendelee kusasishwa angalau miaka 5 baada ya kiwanda kuacha kuuza toleo hilo, na betri yake ibaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya kuchajiwa mizunguko 800. Kuanzia Februari 18, 2027 kanuni yao nyingine inataka betri za vifaa ziwe za kutolewa na mtumiaji mwenyewe, ingawa imeacha upenyo kwa simu zenye betri za kudumu sana. Utasema, Ulaya na Kibaigwa wapi na wapi? Viwanda havipendi kutengeneza simu mbili tofauti. Sheria ya Ulaya ya chaja ya aina moja ilianza kazi Desemba 28, 2024, lakini iPhone ilishabadili tundu lake tangu 2023, kwa dunia nzima. Mimi ninayeondoa migongo kwa mashine ya joto na uzi mwembamba nasubiri betri za kutoka kwa mkono kwa hamu kuliko ninavyosubiri simu ya kukunja.

Sasa hiyo ya kukunja. Teknolojia ni ya kweli na ni nzuri, siipuuzi. Samsung waliileta Galaxy Fold 2019 kwa dola 1,980. Waandishi waliopewa waijaribu iliwaharibikia vioo ndani ya siku chache, kampuni ikaahirisha kuuza kutoka Aprili hadi Septemba. Huawei wakafika hadi ya mikunjo mitatu 2024. Shida yangu ni vumbi. Kila simu inayodai kuzuia maji na vumbi ina alama ya IP na tarakimu mbili, ya kwanza ni ya vumbi. Simu nyingi za bei kubwa zisizokunjwa zina 68, na hiyo 6 maana yake vumbi haliingii. Galaxy Z Fold6 ya 2024 ina 48. Hiyo 4 maana yake inazuia vitu vinene kuliko milimita moja. Mama, vumbi la Agosti kati ya Kongwa na Mbande unalijua, lina unene gani? Linaingia kwenye bawaba, linakaa chini ya kioo laini, na kila ukifunga linasaga. Mwaka 2025 Google walitoa Pixel 10 Pro Fold, ya kwanza ya kukunjwa kupata 68, kwa hiyo njia ipo. Lakini ikitua kwenye laki nne na nusu, hiyo simu utakayoinunua leo itakuwa imeshazeeka kwa halali.

Akili mnemba ni mazungumzo mengine, na hapo mwanao mkubwa yuko karibu na ukweli ila amekosea mahali pa kuitafuta. Akili hiyo inakaa sehemu mbili. Kuna inayokaa kwenye mashine kubwa ng'ambo, simu yako inapeleka swali na kuletewa jibu. Hiyo inafanya kazi kwenye simu yoyote yenye intaneti, pamoja na ya laki tatu. Kuna inayokaa ndani ya simu yenyewe, inayotafsiri au kufupisha hata bando likiisha. Hiyo inataka chipu maalumu na RAM kubwa, na kwa sasa imo kwenye simu za bei kubwa. Ukinunua simu ya kawaida leo hukosi ya kwanza. Kiswahili inakielewa, unaweza kuiambia kwa sauti ikuandikie barua ya kudai deni. Kigogo usiiulize. Na bei ya alizeti usiiulize kabisa: itakujibu kwa kujiamini kama dalali, na tofauti yake na dalali ni kwamba dalali yupo sokoni.

Mabadiliko ninayoyatamani zaidi kwako ni ya betri. Tangu Sony walipouza betri ya kwanza ya lithiamu-ioni, aina iliyomo kwenye simu yako, mwaka 1991, upande mmoja wa betri umekuwa wa kaboni, na kwa miaka mingi sasa ni grafiti, ndugu wa risasi ya penseli. Silikoni inabeba lithiamu nyingi zaidi, ila ikijaa inatuna sana na kupasuka. Wachina wamejifunza kuichanganya na kaboni ili itune bila kuvunjika. Honor walianza nayo 2023, na 2025 walitoa simu iitwayo Honor Power yenye mAh 8,000, yaani kipimo cha chaji ambayo betri inabeba, wakati ya kawaida dukani ni 5,000. Hiyo itashuka bei haraka kuliko kukunja, kwa sababu haihitaji kiwanda kipya cha vioo. Siku ikikufikia utachaji Jumatatu na kukumbuka chaja Jumatano.

5G? Vodacom waliizindua hapa nchini Septemba 2022. Masafa yake mengi hayafiki mbali, hivyo hukaa mijini kwenye watu wengi. Kwa mizani ya alizeti, picha na miamala, 4G inakutosha. 6G inatajwa kwa miaka ya 2030, iache. Simu kuongea na setilaiti moja kwa moja nako kumeanza, iPhone 14 ya 2022 iliweza kutuma ujumbe wa dharura pasipo mnara, huduma ikianzia Marekani na Canada. Kwa wafugaji wa Chemba na madereva wa Manyoni hilo siku moja litakuwa kubwa kuliko kamera zote. Wewe uko kando ya barabara kuu, minara unayo.

Basi nisubiri au ninunue? Nunua. Tena kuna sababu ya soko: tangu nusu ya pili ya 2025 bei ya chipu za memori duniani imepanda sana. Watengenezaji wakubwa ni watatu, Samsung, SK hynix na Micron, na wameelekeza viwanda vyao kwenye memori za ile mitambo ya akili mnemba kwa sababu huko kuna faida. Simu za bei ya chini ndizo zinazoumia, kwa kuwa memori ni sehemu kubwa ya gharama yake. Ukisubiri, unaweza kukuta fedha ileile inanunua simu yenye RAM ndogo zaidi.

Ukienda dukani, swali la kwanza lisiwe kamera. Uliza: hii itasasishwa hadi mwaka gani? Muuzaji asipojua, mwambie mwanao atafute kwenye tovuti ya kampuni mkiwa mmesimama palepale. Chini ya miaka 4 kutoka leo, iache. Pili, memori ya ndani isipungue GB 128. Tatu, RAM. Utaona boksi limeandikwa "8GB" kwa maandishi makubwa na "4+4" kwa madogo. Ya kweli ni 4. Hiyo nyingine wameazima kona ya ghala na kuiita sakafu ya mizani, na ghala ni la polepole. 4 ya kweli itakuvusha, 6 ni bora, ila lipia ya kweli tu. Boksi likifunguliwa bonyeza *#06#, itatokea namba ya IMEI. Ilinganishe na ya kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090, TCRA watakujibu ni simu ya aina gani. Jibu likitaja simu nyingine, rudisha boksi na uondoke. Dai risiti yenye namba hiyo.

Za mtumba kutoka Dubai sizikatai, nyingine ni nzuri kuliko mpya, lakini zinataka jicho la fundi: betri imeshachoka, kioo kimebadilishwa, na mara nyingine imefungwa na akaunti ya mtu usiyemjua. Kwa laki nne na nusu zako nisingecheza mchezo huo. Za mkopo nazo soma masharti. Ukichelewa marejesho, simu inafungwa kwa mbali, na msimu wa alizeti haujui tarehe ya marejesho. Una fedha taslimu, lipa uimiliki.

Ikishakuwa mkononi, adui yake ni joto. Usiiache juu ya dashibodi ya Canter wakati mnapakia. Usiichaji juani kwenye waya wa sola usio na kidhibiti. Umeme ukikatika, chomoa, subiri urudi utulie ndipo uchomeke. Si lazima ijae hadi 100 kila siku, kuiachia kati ya 20 na 80 kunairefushia betri maisha. Tundu la chaji likijaa vumbi, lisafishe kwa kijiti cha meno kikavu simu ikiwa imezimwa, si kwa pini. Nusu ya "sistimu chaji zilizokufa" ninazoletewa ni uchafu wa pumba na pamba za mfukoni. Kuzisafisha natoza bei ya soda tu.

Ile ya zamani usiitupe jalalani, usimpe mjukuu, na usiichome pamoja na takataka. Iweke kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu, nje ya nyumba na mbali na magunia. Siku ukija Dodoma mletee fundi yeyote mwenye akili zake aitoe betri salama. Ukiwa njiani, iwe ndani ya hilo kopo, miguuni pako. Usije ukaifunga kwenye pindo la kanga.